Shamba Moja, Wanunuzi Wawili na Kalamu ya Waziri

Hakuna dereva anayefika kituo cha mafuta akiwa na hamu ya ethanoli. Anataka gari liende na bei isimkamue, basi. Ukimwambia kwamba sehemu ya kumi ya alichojaziwa imetoka kwenye mahindi au miwa, atauliza kama injini itaharibika. Akitulizwa, atalipa na kuondoka. Ndiyo maana kila ninaposoma ripoti inayosema mahitaji ya bayofueli, yaani mafuta yanayotengenezwa kwa mazao na mabaki yake, yamepanda, huwa natafuta kwanza ni serikali ipi imebadilisha kanuni zake. Mara nyingi sihitaji kutafuta mbali.

Sehemu kubwa ya ethanoli na bayodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea au ya wanyama) duniani hununuliwa kwa sababu sheria imemlazimisha msafishaji au msambazaji wa mafuta aichanganye. Huyo ni mnunuzi wa ajabu, maana haangalii bei. Mahindi yakipanda maradufu, mfugaji atapunguza mifugo na maskini atapunguza mlo, lakini msambazaji aliyepangiwa kiasi na serikali atanunua kilekile au alipe faini. Karibu matatizo yote nitakayoyataja hapa yanaanzia kwa mnunuzi huyo.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi na wapinzani wa mafuta haya huliruka. Kwa upande wa usafirishaji, bayofueli ni kitu kidogo: takriban asilimia 4 ya nishati yote inayoendesha magari, meli, treni na ndege duniani. Kwa upande wa shamba ni kitu kikubwa mno. Marekani peke yake hupeleka zaidi ya theluthi ya mahindi yake kwenye viwanda vya ethanoli. Ni kweli kwamba karibu theluthi ya uzito wa mahindi hayo hurudi kama machicha ya kulishia mifugo, na wapinzani husahau kulitaja hilo. Lakini hata ukiyatoa, kinachobaki ni kingi. Kwa hiyo waziri wa nishati akisogeza asilimia mbili kwenye kanuni yake, pale kwenye pampu hakuna anayehisi kitu, huku soko la nafaka linatikisika.

Wananchi huuziwa mafuta haya kama bima. Mlango bahari wa Hormuz, ambako hupita karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani, ukitiliwa shaka, tutakuwa na mashamba yetu. Nimelifuatilia suala hili kwa miaka, na imani niliyofikia ni kwamba bima hiyo hulipa pale tu ambapo serikali imeacha nafasi ya kulegeza na kukaza, tena kwa utaratibu uliojulikana mapema. Pasipo nafasi hiyo, kanuni hukaa ngumu hadi siku ya shida, kisha hufutwa kwa pupa na waliowekeza huachwa wakishika tama.

Tukitaja misukosuko, wengi hufikiria bei ya mafuta kupanda. Kwa mwenye kiwanda cha ethanoli, msukosuko mbaya zaidi ni bei kushuka, na mfano mzuri ni Aprili 2020. Tarehe 20 ya mwezi huo mafuta ghafi ya Marekani, kwenye mikataba ya kupokelewa Mei, yalifunga soko kwa bei ya chini ya sifuri: muuzaji alikuwa tayari kulipa zaidi ya dola 37 kwa pipa ili mtu amwondolee mzigo. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani. Ethanoli inapoingia kwenye petroli kwa asilimia 10, petroli ikikosa mnunuzi nayo inakosa. Uzalishaji wa Marekani, uliokuwa zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku mwanzoni mwa mwaka, ulishuka hadi takriban mapipa 537,000 kwa siku katika wiki iliyoishia Aprili 24.

Kilichonivutia zaidi wakati ule ni malalamiko yaliyotoka kusikotarajiwa. Mahindi yanapochachushwa hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na viwanda vingi huikamata na kuiuza. Karibu asilimia 40 ya gesi hiyo inayouzwa Marekani ilikuwa ikitoka kwenye viwanda vya ethanoli. Viwanda vilipozimwa, watengenezaji wa bia na soda wakaanza kuhesabu mitungi, machinjio yanayotumia gesi hiyo kupoza nyama yakaingiwa na wasiwasi, na wafugaji waliozoea machicha wakaanza kutafuta chakula kingine cha ng'ombe. Baadhi ya viwanda vilijaribu kujiokoa kwa kutengeneza pombe ya kutakasia mikono. Sera iliyoandikwa kwa ajili ya magari ilikuwa imetia mizizi kwenye soda na nyama bila mtu kupanga, na hakuna kifungu chochote cha sheria kilichokuwa kimefikiria siku ambayo magari hayatatembea.

Miaka miwili baadaye msukosuko ukaja kutoka upande wa pili. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, mafuta ghafi yalipita dola 120 kwa pipa ndani ya wiki chache. Kwa nadharia ya bima, hii ndiyo siku yenyewe. Lakini Ukraine ilikuwa ikiuza karibu nusu ya mafuta ya alizeti yote yanayovuka mipaka duniani, na kipimo cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, cha bei za mafuta ya kula kilivunja rekodi Machi hiyohiyo. Gesi asilia ilipanda pia, na gesi ndiyo malighafi ya mbolea ya naitrojeni inayolisha mahindi, na ndiyo pia inayochemsha mitambo ya kutenganisha ethanoli na maji. Ongeza dizeli ya trekta. Ethanoli ya mahindi imefungwa kamba na mafuta ya ardhini katika kila hatua, kwa hiyo kuitegemea ikuokoe na bei ya mafuta ni kumtegemea mtu mliyefungwa naye pingu.

Ukiangalia serikali zilivyoitikia, utadhani hazikuwa zikizungumzia dunia moja. Aprili 12, 2022, Rais Joe Biden alikwenda Iowa, kitovu cha mahindi, akatangaza kwamba petroli yenye ethanoli asilimia 15 itaruhusiwa kuuzwa majira ya joto, jambo ambalo kwa sehemu kubwa ya nchi lilikuwa halikubaliwi kwa hofu ya moshi mchafu unaotanda mijini wakati wa jua kali. Ucheki nayo ikaondoa ulazima wa kuchanganya mwaka huohuo ili kushusha bei. Mmoja alisema mafuta ni ghali, tuongeze. Mwingine akasema mafuta ni ghali, tupunguze. Wote wawili walikuwa na hesabu za kuonyesha, kwa sababu shamba moja lina wanunuzi wawili na kila serikali ilimsikiliza yule anayepiga kelele karibu na mlango wake.

Nchi iliyoishi na tatizo hili muda mrefu zaidi ni Brazil, na huko ndiko ninakopenda kukaa. Mshtuko wa bei ya mafuta wa 1973 ulipokuja, Brazil ilikuwa ikiagiza nje karibu asilimia 80 ya mafuta yake. Rais Ernesto Geisel, jenerali wa jeshi, aliunda Proálcool, mpango wa taifa wa kukuza ethanoli, kwa amri ya tarehe 14 Novemba 1975. Husimuliwa kama kisa cha taifa lililojikomboa kutoka kwa wauza mafuta. Kinachosahaulika ni kwamba bei ya sukari, iliyokuwa imepaa sana mwishoni mwa 1974, ilikuwa imeanguka, na wenye viwanda vya miwa walihitaji mnunuzi wa pili haraka. Bayofueli nyingi duniani zimezaliwa hivyo: mavuno yamezidi, bei imeanguka, wakulima wana kura, ndipo usalama wa nishati unapokumbukwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Mwaka 1979 Fiat 147 ya ethanoli tupu iliingia sokoni, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari mapya 9 kati ya kila 10 yalikuwa ya ethanoli peke yake. Kisha mafuta ghafi yakaporomoka 1986. Serikali ikabana bei iliyokuwa ikiwalipa wenye viwanda, na sukari ikapanda kwenye soko la dunia. Mwenye kiwanda cha miwa ana uwezo ambao msafishaji wa mafuta hana: juisi ileile anaweza kuifanya sukari au ethanoli, na anaangalia tu wapi pana pesa. Akachagua sukari. Mwishoni mwa 1989 vituo vilikauka, foleni zikarefuka, na nchi iliyojigamba kwa ethanoli yake ikaanza kuagiza ethanoli na hata methanoli kutoka nje. Hebu fikiria umenunua gari lisiloweza kunywa kitu kingine, kwa ushauri wa serikali yako, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyobana bei mpaka tanki likakauka. Wanunuzi walikimbia, na ilichukua zaidi ya muongo mmoja kuwarudisha.

Walirudi kwa sababu ya gari, wala si kwa sababu ya hotuba. Mwaka 2003 Volkswagen ilitoa Gol yenye injini inayokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa hivyo viwili. Lita ya ethanoli ina takriban theluthi mbili ya nishati ya lita ya petroli, kwa hiyo madereva wa Brazil wana kanuni wanayoipiga kichwani wakiwa bado kwenye usukani: ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, jaza ethanoli, ikizidi hapo, jaza petroli. Mwaka wa mavuno mabaya dereva mwenyewe anahama, shinikizo kwenye miwa linapungua, na hakuna aliyelazimika kuandika waraka.

Juu ya hapo kuna kalamu ya serikali. Hata petroli ya kawaida ya Brazil ina ethanoli ndani yake, na sheria huweka kiwango cha chini na cha juu, kisha serikali husogeza asilimia ndani ya mipaka hiyo. Mavuno ya miwa yalipodorora, kiwango kilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 20 kuanzia Oktoba 1, 2011. Kikarudi 25 mwaka 2013, kikapanda hadi 27 mwaka 2015, na tangu Agosti 2025 ni asilimia 30.

Na mwananchi anaweza kuikagua sera hiyo kwa macho yake. Mteja wa kituo chochote cha mafuta Brazil ana haki ya kudai kipimo. Mhudumu huleta chombo kirefu cha kioo chenye alama za mililita na kizibo. Anamimina mililita 50 za petroli, kisha mililita 50 za maji ya chumvi. Anaziba, anakigeuza juu chini mara kadhaa bila kukitikisa kwa nguvu, anakiweka chini na kusubiri. Ethanoli hupenda maji kuliko inavyoipenda petroli, kwa hiyo huiacha petroli na kushuka. Petroli ya manjano inabaki juu ikiwa imepungua, maji ya chini yameongezeka. Unasoma maji yameongezeka mililita ngapi, unazidisha kwa mbili, unaongeza moja. Yakiongezeka mililita 13, una petroli ya asilimia 27. Sijapata kuona sera ya nishati inayosomeka kirahisi hivyo: waziri akitia saini, ule mstari kati ya manjano na maji unahama, na anayekuibia kwa kuzidisha ethanoli anaumbuka mbele yako.

Sitaki kuipamba Brazil kupita kiasi. Kati ya 2011 na 2014 serikali iliibana bei ya petroli chini ya ile ya soko la dunia ili kutuliza mfumuko wa bei. Kwa kuwa ethanoli haiwezi kuuzwa zaidi ya asilimia 70 ya petroli bila kukimbiwa, kubana petroli kulikuwa ni kubana ethanoli, na viwanda kadhaa vya miwa vilifungwa. Hakuna kifungu cha sheria ya ethanoli kilichoguswa. Aliyeviua alikuwa akifikiria bei ya nauli.

Marekani walikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 2005, ikapanuliwa Desemba 2007 na kusainiwa na George W. Bush, iliandika kiasi kwa galoni badala ya asilimia, mwaka kwa mwaka hadi 2022: jumla galoni bilioni 36, na kati ya hizo bilioni 16 zilitakiwa zitokane na mabua, nyasi, mabaki ya miti na mengineyo yasiyoliwa. Bunge liliandika kana kwamba teknolojia hufuata amri. Mwaka 2010 sheria ilitaka galoni milioni 100 za aina hiyo. Shirika la mazingira, EPA, likapunguza hadi milioni 6.5, na hata hizo hazikupatikana. Kampuni za mafuta zikawa zinadaiwa malipo kwa kutonunua kitu ambacho hakikuwepo sokoni. Januari 2013 mahakama ya rufaa mjini Washington ilikitengua kiwango cha 2012 cha mafuta hayo. Nilicheka nilipoisoma, kisha nikawakumbuka waliokopa pesa wakajenga viwanda kwa kuiamini ratiba ile.

Ratiba ilikosea hata kwenye mambo ya kawaida. Ilidhani Wamarekani wataendelea kuchoma petroli zaidi kila mwaka. Ukaja mdororo wa 2008 na magari yanayokula kidogo, matumizi yakapoa. Ilidhani nchi itazidi kukosa mafuta ya kwake. Uchimbaji kwenye miamba ya shale ukautoa uzalishaji kutoka takriban mapipa milioni 5 kwa siku mwaka 2008 hadi karibu milioni 13 mwaka 2023. Sababu ya kwanza ya sheria ikayeyuka, sheria ikabaki. Ilikuwa tayari na wenyewe, na wengi wao wanaishi Iowa, jimbo ambalo kwa miongo mingi wagombea urais walianzia safari yao.

Nafasi ya kulegeza ilikuwepo kwenye karatasi. Mwaka 2012 ukame ulipoyakausha mahindi, magavana wa majimbo ya wafugaji waliiomba EPA isimamishe kiwango kwa muda. Novemba mwaka huo EPA ilikataa, ikisema madhara makubwa ya kiuchumi hayajathibitishwa. Texas ilikuwa imekataliwa vivyo hivyo 2008. Mlango wa dharura ambao haujawahi kufunguliwa hata kwenye ukame kama ule, mimi nauhesabu kama ukuta.

Nafuu ya kodi ya bayodizeli, dola moja kwa galoni, ni kisa cha aina yake. Iliisha mwishoni mwa 2009, ikarudishwa Desemba 2010. Iliisha tena, ikarudi tena. Ilikufa mwishoni mwa 2017 na kufufuliwa Desemba 2019, ikilipa kwa kurudi nyuma miaka ambayo bayodizeli yake ilikwishachomwa zamani. Ruzuku ya kurudi nyuma haimfanyi mtu atengeneze hata tone moja la ziada. Humlipa yule aliyekuwa na mfuko mnene wa kusubiri, na aliyefunga kiwanda kwa kukosa mtaji hapati kitu.

Mahali nilipoona wanunuzi wawili wa shamba moja wakigongana waziwazi ni Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese. Huko dizeli ilichanganywa na mawese asilimia 30 kuanzia 2020, ikawa 35 mwaka 2023, na 40 mwaka 2025. Pesa ya kufidia tofauti ya bei hutoka kwenye tozo ya mawese yanayouzwa nje, mpango wa werevu hadi pale mafuta ghafi yanapoporomoka na pengo la kufidia kupanuka, kama 2020. Mwanzoni mwa 2022 shida ilikuwa kinyume: bei ya mawese duniani ilipaa na mafuta ya kupikia yakaadimika kwenye nchi inayoyazalisha kuliko nyingine yoyote. Watu walipanga foleni. Rais Joko Widodo akapiga marufuku kuuza mawese nje kuanzia Aprili 28.

Hapo wakulima wadogo, wanaoshika takriban asilimia 40 ya eneo la michikichi nchini humo, wakakiona cha moto. Mashada ya michikichi hayangoji. Yakishakatwa yanatakiwa yafike kiwandani ndani ya siku moja au mbili, la sivyo asidi inapanda na mafuta yanapoteza thamani. Matangi ya viwanda yalikuwa yamejaa mafuta yasiyoruhusiwa kupanda meli, kwa hiyo viwanda vikapunguza kununua, na bei ya mashada ikaanguka wakati dunia nzima ikilia kwa kukosa mafuta ya kula. Wakulima waliandamana. Marufuku iliondolewa Mei 23. Katika purukushani yote hiyo kiwango cha lazima cha kuchanganya kwenye dizeli kilibaki palepale, asilimia 30. Mlaji na mkulima walitingishwa kwa zamu, na tanki la lori halikuguswa.

India nayo inastahili kutazamwa. Lengo lake la ethanoli asilimia 20 lilikuwa la 2030, likavutwa hadi 2025, na likafikiwa. Njiani, mwaka 2023, mchele wa ghala la serikali ulizuiwa kwenda viwandani, na Desemba mwaka huo serikali ikabana matumizi ya juisi ya miwa kwa hofu ya uhaba wa sukari. Viwanda vikageukia mahindi. Mwaka 2024 nchi iliyozoea kuuza mahindi nje ikajikuta inaagiza zaidi ya inavyouza, na wafugaji wa kuku wakaanza kulalamikia bei ya chakula cha kuku wao. Kugeuka haraka hivyo ni sifa. Kugeuka kwa tangazo la ghafla, kiwanda kikiwa kimeshasaini mikataba ya msimu, ni kitu kingine kabisa.

Mtu atasema: ukiwapa mawaziri uhuru wa kulegeza, nani atawekeza? Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuangalie Sweden, iliyofanya kinyume. Iliweka kanuni kali mno, kiasi kwamba dizeli ilitakiwa kupunguza hewa chafu kwa asilimia 30.5 kupitia kuchanganya. Bei kwenye pampu ikawa suala la uchaguzi wa 2022, serikali mpya ikaingia, na kuanzia Januari 1, 2024 kiwango kikakatwa hadi asilimia 6. Soko zima la dizeli mbadala Ulaya lilihisi. Julai mwaka huo Shell ilisimamisha ujenzi wa kiwanda chake cha Rotterdam, kilichopangiwa tani 820,000 kwa mwaka, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba haitakimalizia. Sweden haikuwa sababu pekee, lakini mwekezaji aliyekuwa akiogopa kanuni inayopinda kidogo alikutana na kanuni iliyovunjika.

Bidhaa za China zilichangia pia kuishusha bei ya mafuta hayo Ulaya, na hapo kuna suala linalonikera. Ulaya, ikijaribu kuondokana na mazao ya chakula, iliweka ukomo wa asilimia 7 kwa bayofueli za mazao mwaka 2015 na kuamua mawese yaondoke taratibu hadi 2030. Badala yake ikatoa upendeleo kwa mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia, ambayo nchi nyingi wanachama huyahesabu mara mbili kwenye malengo yao. Wazo ni zuri. Ila mafuta machakavu yakiwa na thamani kuliko mapya, kuna mtu mahali fulani atayachakaza mapya kwenye makaratasi. Ukiyachanganya vizuri, maabara itapata kazi kuyatofautisha, na mkaguzi aliye mbali anasoma fomu tu. Tume ya Ulaya iliishia kuweka ushuru dhidi ya bayodizeli ya China, wa muda Agosti 2024 na wa kudumu Februari 2025, kwa hoja ya kuuzwa chini ya bei halali. Swali la mafuta yenyewe yalikuwa yametoka kwenye kikaango gani limebaki likiulizwa. Marekani wao walishapata kumfunga mfanyabiashara wa Maryland zaidi ya miaka 12 kwa kuuza hati za bayodizeli ambayo hakuwahi kuitengeneza. Mahitaji yakiwa ya karatasi, haishangazi kwamba wengine huyatimiza kwa karatasi.

(Mbono kaburi, ule mmea ulioahidiwa kustawi kwenye ardhi mbovu bila maji, nauacha. Kampuni zilichukua maelfu ya hekta Afrika na Asia, BP ikaingia ubia wa kuulima 2007 na kutoka 2009. Ulistawi kweli kwenye ardhi mbovu. Mbegu za maana ndizo hazikuonekana.)

Ningekuwa na kalamu hiyo, ningeandika asilimia badala ya galoni, ili mwaka wa magari kusimama usiwe mwaka wa kulazimisha. Ningeiweka ndani ya mipaka ya juu na ya chini iliyo kwenye sheria, na ningeambatisha kipimo cha wazi: akiba ya nafaka au ya mafuta ya kula ikishuka chini ya kiwango fulani, asilimia inashuka yenyewe kwa miezi inayojulikana, kisha inarudi yenyewe. Benki inaweza kuikopesha hatari ya namna hiyo kwa sababu inahesabika. Isichoweza kuhesabu ni hali ya moyo wa waziri wiki mbili kabla ya uchaguzi. Jean Ziegler, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya chakula, mwaka 2007 aliuita ugeuzaji wa mazao kuwa mafuta jinai dhidi ya ubinadamu na kutaka usimamishwe miaka mitano. Sikubaliani na neno lake, maana Brazil imeonyesha miwa inaweza kujiendesha, mitambo ikichemshwa kwa makapi ya miwa yenyewe. Alichokuwa sahihi nacho ni yule mnunuzi asiyeangalia bei.

Kwa sasa mnunuzi huyo anapanda ndege. Umoja wa Ulaya umetaka mafuta ya ndege kwenye viwanja vyake yawe na asilimia 2 ya mafuta mbadala kuanzia 2025, asilimia 6 mwaka 2030, na asilimia 70 mwaka 2050. Mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza takriban tani milioni moja za mafuta hayo, karibu asilimia 0.3 ya yanayochomwa na ndege, na sehemu kubwa ilitokana na mafuta yaleyale ya kukaangia na ya wanyama ambayo malori tayari yanayagombania. Sheria imeweka faini kwa msambazaji atakayepungukiwa, na deni lake linahamia mwaka unaofuata. Bado kuna muda wa kuandika kifungu cha kulegeza kabla ya 2030, wakati hakuna vita mlangoni wala foleni vituoni, na kuamua mapema, lori na ndege vikigombania tanki moja la mafuta machakavu, nani atapishwa.